Chipmunk na Bunduki ya .22: Kumbukumbu za Kadeti wa Anga wa Uingereza kama Chanzo cha Historia, 1941–1997

1.0 Utangulizi

Mwaka 1996 ndege ndogo ya mafunzo aina ya Chipmunk iliondolewa katika kazi ya kuwarusha kadeti wa Air Training Corps, jumuiya ya vijana iliyo chini ya Jeshi la Anga la Uingereza. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mbili zilizowanyima raia wa England, Scotland na Wales haki ya kumiliki bastola, na sheria ya pili ilizijumuisha hata zile zinazotumia risasi ndogo za .22. Matukio haya mawili hayakuwa na chimbuko moja. Hata hivyo, kwa watu waliopitia ukadeti katika nusu ya pili ya karne ya 20, yaligusa vitu viwili vilivyokaa pamoja katika kumbukumbu zao: ndege ya kwanza waliyopanda na aina ya silaha ya kwanza waliyofundishwa kuifyatua.

Insha hii inachunguza kumbukumbu hizo kama chanzo cha historia. Hoja yake kuu ni kwamba wapenzi wa ndege na bunduki huhifadhi kwa uaminifu mkubwa yale yaliyofanywa na mwili, yaani harufu, sauti, uzito na mpangilio wa vitendo, lakini huiacha nje sababu iliyoifanya taasisi iwape vitu hivyo. Aidha, insha inaonesha kuwa hatima tofauti ya ndege na ya silaha baada ya 1996 imebadili namna kila kimoja kinavyosimuliwa.

2.0 Chimbuko la Bunduki Ndogo ya Mafunzo

Risasi ya .22 ni miongoni mwa risasi kongwe zaidi zinazotumika hadi leo. Wazo lake la msingi lilitokana na kazi ya Mfaransa Louis-Nicolas Flobert mnamo 1845. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola iliyotumia risasi fupi ya kipimo hicho, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens, pia ya Marekani, ikatoa risasi ndefu zaidi ambayo ndiyo iliyoenea duniani kote.

Siri ya risasi hii imo katika ukingo wa kitako chake. Kemikali inayowasha baruti haikuwekwa katikati ya kitako, bali imezungushwa ndani ya ukingo. Pini ya bunduki huuponda ukingo huo na moto huanzia hapo. Ili ukingo upondeke kwa urahisi, ganda zima sharti liwe jembamba. Na kwa kuwa ni jembamba, haliwezi kuhimili shinikizo kubwa. Udhaifu huo ndio uliogeuka kuwa sifa. Risasi ilikuwa rahisi kutengenezwa na ya bei nafuu, mlio wake haukuwa mkubwa, na msukumo wake begani ulikuwa mdogo kiasi kwamba kijana aliweza kujifunza kulenga shabaha bila kuogopa bunduki yenyewe.

Serikali na wazalendo wa Uingereza walitambua manufaa hayo baada ya kuanza kwa Vita vya Afrika Kusini vya 1899–1902, vilivyowaonesha kuwa Waingereza wengi hawakuweza kulenga shabaha. Mwaka 1901 iliundwa jumuiya ya vilabu vya shabaha vya wafanyakazi, ikiungwa mkono na jemadari mashuhuri Lord Roberts. Vilabu hivyo vilitumia bunduki ndogo kwa sababu mazoezi yake yaliweza kufanyika hata ndani ya jengo, karibu na mahali watu walipoishi na kufanya kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo bunduki ya .22 nchini humo ilikuwa na sura mbili: ilikuwa chombo cha burudani jioni baada ya kazi, na wakati huohuo ilikuwa maandalizi ya vita.

3.0 Ndege Iliyotengenezwa kwa Ajili ya Wanafunzi

Air Training Corps ilianzishwa Februari 1941, Uingereza ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilichukua nafasi ya jumuiya iliyotangulia ya kadeti wa ulinzi wa anga, iliyoanzishwa mwaka 1938 kwa juhudi za John Adrian Chamier, ofisa mstaafu wa jeshi la anga. Lengo lake lilikuwa wazi: kuwaandaa vijana kuwa marubani na mafundi ili wanapoingia jeshini wasianze katika hatua ya kwanza kabisa.

Chipmunk ilikuja baada ya vita. Ilisanifiwa na mhandisi wa Kipoland Wsiewołod Jakimiuk katika kiwanda cha de Havilland nchini Kanada, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Mei 1946. Jeshi la Anga la Uingereza lilipokea ndege 735 za aina hiyo. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na gurudumu dogo mkiani. Ilipokuwa ardhini pua yake iliinuka na kumzuia rubani kuona mbele. Kwa sababu hiyo ilimlazimu aipeleke kwa kuipindapinda kushoto na kulia. Mwaka 1958 viliundwa vikosi maalumu vya kuwarusha kadeti, na kwa takriban miaka 38 Chipmunk ikawa ndege ambayo vijana wengi wa jumuiya hiyo waliifahamu kabla ya nyingine yoyote.

Katika kipindi hichohicho silaha iliyozoeleka zaidi katika viwanja vya shabaha vya kadeti ilikuwa bunduki iliyoitwa No. 8, ya ukoo wa Lee-Enfield. Ilitumia risasi za .22, ilipakiwa risasi moja kwa kila mlio, na ililengwa kwenye shabaha ya karatasi iliyowekwa umbali wa yadi 25, yaani karibu mita 23. Ndege na bunduki zote mbili zilichaguliwa kwa vigezo vinavyofanana: gharama ndogo, uimara, na uwezo wa kuvumilia makosa ya mwanafunzi.

4.0 Kinachohifadhiwa na Kumbukumbu

Masimulizi ya waliokuwa kadeti yana ruwaza inayojirudia. Kuhusu Chipmunk, msimulizi mara nyingi haanzi na safari ya angani. Huanza na parachuti iliyofungwa chini ya makalio, iliyomlazimisha kutembea akiwa ameinama kuelekea kwenye ndege, na maelekezo makali ya mahali pa kukanyaga kwenye bawa. Kisha hufuata uwashaji wa injini. Chipmunk za jeshi ziliwashwa kwa ganda lililojazwa baruti bila risasi. Ganda hilo lilipolipuliwa, gesi yake ilisukuma mtambo uliozungusha injini, mlio ukasikika, na harufu ya baruti ikaenea hadi katika chumba cha rubani.

Hapa ndipo vitu viwili vinavyozungumziwa vinapokutana kwa namna ambayo nyaraka rasmi haziwezi kuionesha. Nyaraka huiweka ndege katika faili la safari na bunduki katika faili la silaha. Pua ya kadeti haikuzitenganisha. Harufu aliyoijua katika uwanja wa shabaha siku za juma ndiyo aliyokutana nayo kwenye kiwanja cha ndege siku ya mapumziko. Mtafiti anayetegemea nyaraka pekee angeweza kuandika historia mbili zisizokutana, ilhali kwa kijana mwenyewe yalikuwa malezi ya aina moja.

Kuhusu bunduki, kumbukumbu huzingatia zaidi nidhamu kuliko mlio. Husimuliwa ubaridi wa sakafu aliyolalia mlengaji, amri zilizotolewa kwa mpangilio usiobadilika, marufuku ya kuigusa silaha kabla ya amri, na ukaguzi wa chumba cha risasi baada ya zoezi. Karatasi yenye matundu yaliyokaribiana ilitunzwa nyumbani kwa miaka mingi. Ushahidi huu una thamani kwa mtafiti wa historia ya elimu, kwa kuwa unaonesha jinsi kanuni za usalama zilivyohama kutoka kwenye kitabu na kuingia katika mazoea ya mwili.

5.0 Kinachoachwa

Maurice Halbwachs, katika kitabu chake cha 1925 kuhusu misingi ya kijamii ya kumbukumbu, alieleza kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya mipaka inayowekwa na kundi lake. Hoja hiyo inasaidia kueleza ukimya uliomo katika masimulizi ya kadeti. Kundi la wapenzi hukutana ili kufurahia kitu kinachowaunganisha. Kwa hiyo yale yasiyoongeza furaha hiyo hupungua kadiri simulizi linavyorudiwa.

Mfano wa kwanza ni matumizi ya kijeshi ya ndege yenyewe. Mwaka 1958, mwaka uleule vilipoundwa vikosi vya kuwarusha kadeti, Jeshi la Anga la Uingereza lilipeleka Chipmunk nchini Cyprus kwa doria za usalama wakati wa mapambano dhidi ya utawala wa kikoloni. Huko Berlin, katika kipindi cha Vita Baridi, Chipmunk za kituo cha Gatow ziliruka juu ya mji na viunga vyake zikipiga picha za majeshi ya Kisovieti. Aidha, Kenya ilipounda jeshi lake la anga mwaka 1964, Chipmunk zilikuwa miongoni mwa ndege zake za kwanza. Ndege ileile ilikuwa burudani ya Jumamosi kwa kijana wa Uingereza, jicho la mtawala kwa Mkipro, na hatua ya kwanza ya ulinzi wa anga kwa taifa jipya la Afrika Mashariki. Kumbukumbu za kadeti zinashika maana ya kwanza tu.

Mfano wa pili unahusu jinsia. Wasichana hawakuingizwa katika Air Training Corps hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo masimulizi ya miongo ya awali ni ya wavulana, na mtafiti anayeyachukulia kuwa sauti ya vijana wote wa Uingereza atakuwa amerudia ubaguzi wa taasisi yenyewe.

Ukimya huu haumaanishi kwamba kumbukumbu ni za uongo. Alessandro Portelli, mtafiti wa historia simulizi wa Italia, alionesha jinsi wakazi wa Terni walivyohamisha kifo cha mfanyakazi Luigi Trastulli kutoka 1949, alipouawa, hadi mwaka 1953, wakati wa kufukuzwa kazi kwa watu wengi. Kosa hilo la tarehe lilifichua maana ambayo jamii ilikipa kifo hicho. Vivyo hivyo, kijana aliyeandaliwa kwa ajili ya vita na kukumbuka mchezo anatoa ushahidi wa jinsi maandalizi hayo yalivyofanikiwa kujionesha kuwa mchezo.

6.0 Hatima Mbili Baada ya 1996

Tarehe 13 Machi 1996 mtu mwenye silaha aliwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland. Bastola zake zilimilikiwa kwa kibali cha kisheria. Kampeni ya wananchi iliyofuata ilidai bastola ziondolewe mikononi mwa raia. Sheria ya kwanza ya 1997, iliyopitishwa chini ya serikali ya John Major, iliziacha bastola za .22 kwa masharti; ya pili, chini ya serikali ya Tony Blair, iliziondoa nazo. Bunduki ndefu za .22 zilibaki halali kwa wenye vibali, kama zilivyoachwa pia mwaka 1988, pale sheria iliyofuata mauaji ya Hungerford ilipopiga marufuku bunduki za kujipakia zenyewe isipokuwa zile za .22.

Tangu hapo kumbukumbu za ndege na za silaha zimefuata njia tofauti. Chipmunk nyingi ziliuzwa kwa raia na bado zinaruka. Mojawapo ya zile zilizotumika Berlin imehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Msimulizi wa ndege anaweza kwenda kuigusa tena na kusahihisha kumbukumbu yake. Bastola zilikabidhiwa polisi kwa fidia, na wamiliki walibaki na maneno matupu. Simulizi la mlengaji shabaha likawa la kujitetea: huanza kwa kueleza kwamba silaha yake haikuwa ya aina iliyotumika Dunblane, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa muuaji alitumia bastola za risasi kubwa zaidi.

Mtafiti anapaswa kuusikia utetezi huo bila kuufanya kuwa hukumu. Manung'uniko ya aliyepoteza chombo cha mchezo ni ushahidi halali wa historia ya sheria. Lakini yamesimama karibu na kumbukumbu ya wazazi waliopoteza watoto, na mizani ya historia haiwezi kuyapima kana kwamba yana uzito sawa. Vilevile, si sahihi kuyaepuka masimulizi ya silaha kwa sababu ni mazito na kukusanya yale ya ndege tu kwa sababu ni mepesi. Kufanya hivyo ni kuyageuza mafunzo ya kijeshi ya vijana kuwa historia ya burudani.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba mapenzi ya Chipmunk na ya bunduki ya .22 yalikuwa na chanzo kimoja katika sera: taasisi iliyohitaji askari wa baadaye ilitafuta vyombo vya bei nafuu, vyepesi na visivyomtisha mwanafunzi. Sifa zilezile zilizomvutia mhasibu wa serikali ndizo zilizomfanya kijana avipende. Kwa sababu hiyo kumbukumbu za wapenzi zinafaa zisomwe sambamba na nyaraka za taasisi, huku kila upande ukiulizwa kile ambacho wa pili umekinyamazia. Kwa upande wa ukusanyaji, ni vyema maswali kuhusu ndege na kuhusu silaha yaulizwe katika mahojiano yaleyale, kwa kuwa yakitenganishwa, kiungo kilichokuwepo katika maisha ya kadeti hupotea, na pamoja nacho hupotea maelezo ya jinsi dola ilivyoingia katika utoto wa raia wake.