Mkojo wa paka kwenye zulia: kutoa harufu ni kazi moja, kutwaharisha ni nyingine

Kwetu Pwani, zulia likikojolewa na paka huanikwa juani, na jioni likarudishwa ndani. Hapa Kakamega ninapoishi hesabu ni nyingine. Msimu wa masika mvua hunyesha karibu kila alasiri, na zulia lililoroweshwa lote huvunda kabla halijakauka. Kwa hivyo, ndugu msomaji, osha pale palipokojolewa tu, na uoshe kwa mpango.

Mkojo una yurea, ambayo bakteria huigeuza amonia. Ndiyo ile harufu inayochoma pua. Una pia asidi ya yuriki, isiyoyeyuka vizuri kwa maji. Hiyo hung'ang'ania nyuzi, na hewa ikipata unyevunyevu harufu hurudi. Kufukiza udi hufunika tu. Uvundo uko palepale.

Mkojo ukiwa mbichi, ukandamize kwa kitambaa kikavu mpaka kisilowe tena. Usisugue, utausambaza. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, ujaribu kwanza pembeni zulia lisije likachuja rangi. Mimina, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha ufyonze kwa kitambaa. Nyunyiza soda ya kuokea, iache usiku kucha, asubuhi uipige brashi. Doa la zamani lataka sabuni yenye vimeng'enya, ambavyo huivunja asidi yenyewe.

Usitumie jiki. Ikikutana na amonia au siki hutoa gesi ya sumu.

Sasa tahara. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayofuata wengi wetu, paka mwenyewe si najisi lakini mkojo wake ni najisi, na siki haitwaharishi, ni maji. Basi malizia kwa kumimina maji safi yaenee pahali pale pote, kisha uyafyonze. Rangi peke yake au harufu peke yake ikishindikana kutoka, husamehewa. Zikibaki zote mbili, endelea kuosha.

Hayo ya maji yafanye asubuhi, kabla ya mvua. Liinue zulia juu ya viti lipate hewa, na upige deki sakafu, kwani mkojo huvuja hadi chini.

Na paka aliyezoea kwenda nje akianza ghafla kukojoa ndani, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumfukuza. Huenda anaumwa kibofu.