Tarehe ya Ligi ya Muungano na Haki ya Handeni

Ligi ya Muungano ilianza 1982, na Pan African ya Dar es Salaam ikawa ya kwanza kuvishwa taji. Sababu ya kuianzisha haikufichika: Tanzania ilikuwa na nafasi moja tu katika Klabu Bingwa Afrika, na bila vigogo wa Bara kukutana na wa Visiwani uwanjani, nafasi hiyo ingegombewa ofisini. KMKM walilipeleka taji Unguja 1984. Maji Maji wa Songea, Pamba wa Mwanza na Malindi wa Unguja nao walipata zamu zao. Hao watoshe, wana waandishi wao.

Sisi wa Tanga tuna 1988. Mwaka huo Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa mabingwa. African Sports nao wanaudai mwaka huohuo. Shauri hilo na liamuliwe kati ya Barabara ya 11 na Barabara ya 12, ziliko klabu zenyewe, hapa si mahali pake. Ninachokitafuta mimi ni haki ya wilaya za ndani za mkoa huu, Korogwe na Handeni, maana ukisikia soka la Tanga likisimuliwa utadhani mkoa unaishia Mkwakwani, uwanja wa Tanga mjini.

Korogwe ilipata reli 1902, kisha mashamba ya mkonge, Magunga na Ngombezi na mengineyo, yakakusanya vijana kutoka kila upande wa nchi. Wazee husimulia kwamba Jumapili za manamba, vibarua wa mashamba hayo, zilikuwa za ngoma na mpira.

Handeni ilichelewa kuingia kwenye soka, lakini ilikuja na jeshi. Pale Kabuku, kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, ipo kambi ya JKT ya Mgambo, 835 KJ, na timu yake ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13. Kwa kuwa mechi za nyumbani ilichezea Mkwakwani, watu wa mjini wakaihesabu yao. Kiwanja cha kuazima hakibadilishi kwao mtu. Kabuku ni Handeni, na Mgambo ni ya Handeni; asiyekubali apande basi akashuke pale aulize.

Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya msimu wa 2013/14. Septemba Simba waliwachapa Mgambo 6-0 Dar es Salaam, Amissi Tambwe peke yake akifunga manne. Watu wakacheka, wakasema askari warudi lindoni. Mwaka ulipogeuka, Simba wakaja Mkwakwani wakafungwa 1-0. Machi wakaja Yanga, mabingwa watetezi, nao wakaondoka na 2-1. Azam walitwaa ubingwa msimu ule bila kupoteza mechi, na sijasikia wakiishukuru Kabuku kwa kazi iliyofanywa pale Mkwakwani.

Ila Mgambo walipanda karamu ikiwa imekwisha. Ligi ya Muungano ilikuwa imekwishakufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zanzibar ilipopokewa CAF kama mwanachama mshiriki 2004 na kuanza kupeleka klabu zake yenyewe, hapakuwa na nafasi ya kugombea tena. (2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili Machi, ikaufuta Julai. Wasomaji wa Unguja hawajasahau.)

Mei 2016 ndiyo msiba: timu tatu zilishuka Ligi Kuu, na zote tatu ni za mkoa wetu, yaani Coastal, African Sports na Mgambo. Coastal walirudi 2018, na 2024 wakacheza tena michuano ya Afrika.

Jina la Muungano nalo lilifufuliwa Aprili 2024, Zanzibar, kwa timu nne na siku chache. Simba waliifunga Azam 1-0 kwenye fainali. Hilo ni kombe, ligi ni kitu kingine. Na atakayeandika klabu zilizoshuka 2016 aandike sawasawa: mbili za Tanga mjini, moja ya Handeni.