Bomba, tii na jiwe: kamera ilivyoacha kutetemeka

Wadau, kwetu Ngamiani kuna mkanda wa harusi ambao hakuna anayeumaliza bila kichwa kumuuma. Mpiga video alitembea nyuma ya bi harusi kamera mkononi, na kila hatua picha inaruka. Bibi yetu yumo humo, anacheza sekunde chache, uso umevurugika. Bibi hatunaye tena. Video yake nyingine hakuna.

Ndo maana nikaanza kufukua historia ya hiki kifaa cha kutuliza kamera. Zamani ukitaka picha iliyotulia huku unatembea, kamera ilipanda kigari kinachopita kwenye reli. Miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown akaja na Steadicam: mpiga picha anavaa kizibao, kizibao kina mkono wa springi, na mkono umebeba nguzo yenye kamera juu na uzito chini. 1976 ikaonekana kwenye Bound for Glory, halafu Rocky, pale jamaa anapopandisha ngazi mbio kule Philadelphia. 1978 Brown akabeba Oscar ya ufundi.

Bei sasa, usiulize! Lakini miaka ya 2000, mwanafunzi mmoja wa chuo hukohuko Marekani, Johnny Chung Lee, akaweka mtandaoni maelezo ya kujitengenezea ya kwako kwa dola 14. Mabomba ya chuma, viungo vya T, na jiwe la wanyanyua vyuma. Basi.

Kinachofanya kazi pale ni uzito kukaa mbali na mkono. Kitu cha hivyo ni kigumu kugeuka ghafla, hivyo mtikiso mdogo wa hatua hauifikii picha. Fikiria mbeba maji na mzega wake: mti begani, ndoo huku na huku, na anatembea zake.

Mtoto wa mjomba kajaribu. Bomba la plastiki la nusu inchi, tii moja, boliti ya robo inchi (ndo saizi ya tundu la chini la kamera nyingi), na washa za chuma kamba kwa kamba huko chini. Kosa lake la kwanza aliweka washa chache, ikawa inapinduka. Bado mkono unachoka haraka, na upepo wa Raskazone unaiyumbisha kama tiara.

Ijumaa tunamrekodi babu akitoka Barabara ya 12 kwenda msikitini. Keshatuambia hatasimama kutusubiri.