Kwa nini maji ya ziwa huwa kijani sehemu moja na safi sehemu nyingine?

Wakazi wa kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wanaijua hali hii. Kunapambazuka shwari, na maji ya ufukweni yamekuwa kijani kizito kama rangi iliyomwagika, tena yananuka. Lakini mvuvi anayerudi kutoka mbali anasema huko maji ni ya kawaida. Ziwa ni moja. Tofauti inatoka wapi?

Rangi hiyo huletwa na sianobakteria, ambao wengi huwaita mwani wa kijani-buluu. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, lakini ni bakteria. Na bakteria hawaenei sawasawa ziwani. Kila aina hustawi pale inapopata mahitaji yake.

Chakula na kina cha maji

Sianobakteria huhitaji fosforasi na naitrojeni. Mvua inaponyesha, mito kama Nyando na Sondu hubeba udongo na mbolea kutoka mashambani hadi ghubani. Maji taka ya mijini huongeza mengine.

Ghuba yenyewe ina kina kifupi, na mlango wake wa kuingia ziwa kuu ni mwembamba. Kwa hiyo kinachoingia hukaa muda mrefu. Kwenye ziwa kuu, ambako kina hufika mita 80 hivi, rutuba hiyo husambaa katika maji mengi zaidi.

Joto na upepo

Maji yakiwa ya moto na yametulia, sianobakteria hufaidi. Wengi wao wana vifuko vidogo vya hewa vinavyowawezesha kuelea juu kwenye mwanga. Upepo ukianza kuvuma huwasukuma na kuwarundika ufuko mmoja. Ndiyo maana utando unaweza kuwa kwenu leo, na kesho ukawa kwa majirani.

Kule chini kusiko na hewa

Sianobakteria wakifa huzama, na bakteria wengine huwaozesha. Kazi hiyo hula oksijeni ya majini. Ikipungua sana, samaki hukimbia au hufa.

Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni kabisa. Samaki hawaishi huko, lakini wapo bakteria wasiohitaji hewa hiyo.

Hali hizi zina maana gani kwa anayechota maji?

Kuna hatari mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni vijidudu vya kinyesi, pamoja na vya kipindupindu. Huzidi baada ya mvua, karibu na midomo ya mito na vijiji. Maji yakichemshwa hadi yatokote, vijidudu hivyo hufa.

Ya pili ni sumu ya sianobakteria, hasa ile iitwayo maikrosistini, inayodhuru ini. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza isizidi mikrogramu 1 kwa lita katika maji yanayonywewa kila siku. Sumu hii haiondolewi kwa kuchemsha. Moto hupasua bakteria, na sumu iliyokuwa ndani yao ikamwagika kwenye maji.

Si kila utando wa kijani una sumu, lakini kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo:

- Usichote maji ya kunywa au kupikia penye utando wa kijani, hata kama utayachemsha.
- Tumia maji ya kisima au ya mvua ikiwa yapo.
- Kama ziwa ndilo tegemeo pekee, chota mbali na ufuko, upande upepo unakotokea, kisha uyachemshe.
- Watoto wasiogelee na mifugo isinywe hapo.
- Samaki waliovuliwa kwenye maji hayo watolewe matumbo na maini, kisha waoshwe kwa maji safi.

Wenye mashamba kando ya mito nao wana nafasi yao. Ukanda wa nyasi au miti ukingoni huzuia udongo na mbolea visifike mtoni. Mbolea inayobaki shambani hulisha mahindi. Ikifika ziwani hulisha sianobakteria.