Nyigu mudogo aliyeokoa sombe yetu

Bandugu, nyuma ya kupata lisansi yangu ya agronomia nilirudia Lubudi, nikapanda tomati chini ya plastiki. Nzi weupe wakaingia. Nikapuliza dawa, tena na tena. Kisha mwezi moja, nzi walikuwa wengi kuliko mwanzo, na tomati zikakauka. Mama mmoja jirani akaniuliza: «Mwanangu, masomo yote ile ilikuwa ya kukufundisha kununua dawa tu?» Nikakosa jibu. Njo maana nikaanza kuchimba historia.

Historia yenyewe inatugusa. Mwaka 1973, kwetu Zaire, karibu na Kinshasa, mdudu mweupe kama unga alionekana kwenye mihogo. Alitoka Amerika ya Kusini, na maadui wake alibakisha kule. Alifyonza ncha za mihogo, majani yakajikunja, sombe ikaisha, mizizi ikabakia midogo. Akaenea sehemu kubwa ya Afrika ya mihogo. Kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Na mkulima wa muhogo, dawa atainunua na nini?

Mswisi Hans Herren alifika mwaka 1979 kwenye kituo cha utafiti IITA, Ibadan, Nigeria. Akauliza swali rahisi: kule alikotoka huyu mdudu, nani anamukula? Mwaka 1981 jibu likapatikana Paraguay: nyigu mudogo sana, haumi mutu. Anatia yai ndani ya mdudu; mtoto wake anamukula kutoka ndani. Wakamchunguza kwanza Uingereza, kusudi asituletee shida ingine, kisha wakamuachilia Ibadan mwaka uleule. Baadaye waliwamwaga hata kwa ndege. Nyigu akaenea katika nchi zaidi ya 20, na mkulima hakulipa hata franka moja. Mwaka 1995 Herren akapata Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Tomati nazo ziko na historia yao. Mwaka 1926, Uingereza, mutunza bustani aliona watoto wa nzi weupe wamegeuka weusi. Ndani mlikuwa nyigu mwingine, Encarsia formosa. Leo anafugwa na kuuzwa kwa nyumba za mboga duniani. Kenya, kule Naivasha, Dudutech inafuga utitiri unaokula utitiri mwekundu wa maua na mboga.

Sasa nimeelewa kosa langu. Dawa yangu iliua pia bilulu vilivyokuwa vinanisaidia, na nzi waliobakia wakazaana bila adui. Msimu huu ninageuza majani kila asubuhi, ninaosha na maji ya sabuni, na ninaacha wenye kula wenzao waishi. Mavuno hayajawa makubwa, lakini tomati ziko.

Encarsia haiuzwi hapa Lubudi. Tuko na lisansi, tuko na joto, tuko na wadudu. Bandugu wa Kolwezi na Lubumbashi, nani yuko tayari tuanze kufuga?