PEPFAR: Fedha za Marekani na dawa za ukimwi

Mpango wa Dharura wa Rais wa Marekani wa Kukabiliana na Ukimwi, ujulikanao kwa kifupi kama PEPFAR, ulitangazwa na Rais George W. Bush Januari 28, 2003, alipolihutubia Bunge la nchi hiyo. Aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Mei mwaka huo akatia saini sheria ya kuuanzisha.

Katika hotuba hiyo Bush alisema Waafrika karibu milioni 30 walikuwa na virusi, lakini waliopata dawa walikuwa 50,000 tu, ingawa bei ilikwisha shuka kutoka dola 12,000 kwa mwaka hadi chini ya dola 300.

Nchi 15 zilipewa kipaumbele, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Masharti hayakukosekana. Sheria ya 2003 ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhimiza watu wajiepushe na ngono hadi wafunge ndoa, sharti lililolalamikiwa sana na kulegezwa mwaka 2008. Mwaka huo Bunge liliidhinisha hadi dola bilioni 48 kwa miaka mitano mingine, kifua kikuu na malaria vikijumuishwa. Kufikia mwaka 2024, zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wakipata dawa kwa msaada wa mpango huo.

Mafanikio hayo hayana ubishi. Udhaifu ulikuwa katika njia zilizopitiwa na fedha. Sehemu kubwa haikuingia katika hazina za nchi husika, bali ilipitia idara za Marekani, hasa USAID na CDC, kisha mashirika yaliyopewa mikataba. Mashirika hayo ndiyo yaliyoajiri washauri nasaha na wahudumu wengi wa kliniki, na kugharimia usafirishaji wa sampuli za damu. Wizara za afya ziliviona vituo vikifanya kazi, lakini mishahara hiyo haikuwa katika bajeti zao.

Pengo hilo lilidhihirika Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alipoamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Kliniki zilifungwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Msamaha wa huduma za kuokoa maisha ulitolewa baadaye, ila kwa sehemu tu. Julai 1 mwaka huo USAID ilikoma kutoa misaada.

Viongozi wa Afrika walikwisha ahidi mjini Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazikufika hata karibu na kiwango hicho.

Desemba 4, 2025, Kenya ilitia saini makubaliano mapya ya miaka mitano: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6, na Kenya iongeze dola milioni 850 zake yenyewe. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha kwa muda kipengele cha kuipa Marekani taarifa za afya za wananchi.