“Ni uzee tu”: historia ya neno lililowalaza wazee

Katika familia zetu kuna jibu linalotolewa upesi kila mara mzee anapoanza kudhoofika. Macho yake yameingia ukungu: ni uzee tu. Hawezi tena kufika kanisani kwa miguu: ni uzee tu. Juzi alizungumza vema, leo amechanganyikiwa wala hajui yuko wapi: ni uzee tu. Jibu hilo linaonekana kuwa la hekima, kwa maana kila mtu anajua ya kwamba mwili huchakaa. Lakini historia ya tiba inatufundisha ya kwamba maneno hayo matatu yamewanyima wazee wengi msaada ambao ungeliwafaa. Tunapenda kuwasimulia kwa ufupi jinsi wanadamu walivyojifunza, polepole na kwa kuchelewa, kutofautisha mambo matatu: uzee wenyewe, ugonjwa unaomkuta mzee, na udhaifu unaoletwa na kulazwa na kuachwa.

Watu wa kale

Watu wa kale waliutazama mwili wa mzee kwa makini. Katika sura ya 12 ya kitabu cha Mhubiri, uzee unasimuliwa kwa mfano wa nyumba inayochakaa: mikono inayotetemeka ni kama walinzi wake, meno yaliyobaki machache ni kama wanawake wasagaji, na macho yaliyofifia ni kama madirisha yaliyoingia giza. Mwandishi huyo hakumdharau mzee wala hakumdanganya; alisema yale aliyoyaona.

Katika karne ya 2, daktari Galeno, mzaliwa wa Pergamo aliyefanya kazi Roma, alifundisha ya kwamba uzee si ugonjwa, bali ni hali ya maumbile. Kwa hiyo aliandika namna ya kuwatunza wazee: kuwakanda kwa mafuta, kuwachagulia chakula kinachowafaa, na kuwatembeza kila siku kadiri ya nguvu zao. Alimtoa kuwa mfano daktari mwenzake Antioko, ambaye alikuwa amepita miaka 80 na bado alikwenda kwa miguu mpaka uwanja wa mji. Likumbukeni neno hilo la kutembea, kwa sababu lilisahauliwa kwa muda mrefu.

Kitanda cha huruma na kitanda cha kifungo

Kwa karne nyingi, waliowapokea wazee maskini walikuwa watu wa huruma kuliko madaktari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1839, mjini Saint-Servan katika Bretagne, Ufaransa, mwanamke mmoja wa miaka 47 aliyeishi kwa kazi za mikono yake alimpokea nyumbani mwanamke mzee, kipofu tena aliyepooza. Hakuwa na kitanda cha ziada, basi akampa kile chake. Mwanamke huyo aliitwa Jeanne Jugan. Baadaye alipita mlango kwa mlango na kikapu chake, akiomba riziki kwa ajili ya wazee waliozidi kuongezeka. Kutokana na kitendo kile likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo mpaka leo linawatunza wazee katika nchi nyingi. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Kwa mtu asiye na mahali pa kulaza kichwa, kitanda cha Jeanne kilikuwa wokovu. Lakini mahali pengine kitanda kiligeuka kuwa kifungo. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1834 iliamuru kwamba maskini waliohitaji msaada wapelekwe katika nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa kuwa magumu kwa makusudi ili watu wasipende kuingia. Kadiri miaka ilivyopita, nyumba hizo zilijaa wazee na wagonjwa. Walipewa chakula na mahali pa kulala, lakini wengi hawakupimwa vizuri wala kutafutiwa sababu ya udhaifu wao. Walilazwa, wakabaki wamelala.

Madaktari wanaanza kuuliza

Mabadiliko yalianza pale madaktari wachache walipouliza: mzee huyu anaumwa nini hasa? Mjini Paris, katika hospitali kubwa ya Salpêtrière iliyojaa maelfu ya wanawake, wengi wao wazee, daktari Jean-Martin Charcot alianza kazi mwaka 1862. Aliwapima kwa uangalifu, akafundisha ya kwamba magonjwa ya wazee yana desturi zake. Ugonjwa mkali unaweza kujificha ndani ya mwili wa mzee bila kuonyesha dalili ambazo zingeonekana mara moja kwa kijana.

Huko New York, daktari Ignatz Nascher, mzaliwa wa Vienna, alisimulia jambo lililomkuta alipokuwa mwanafunzi. Wakiwa katika nyumba ya maskini, mwanamke mzee alilalamika juu ya maumivu yake. Mwalimu wao akasema ya kwamba mwanamke yule hana ila uzee, wala hakuna la kumfanyia. Nascher hakuridhika. Mwaka 1909 alilitungia tawi jipya la tiba jina lake, jeriatria, yaani tiba ya wazee, akidai ya kwamba kama watoto wana madaktari wao, wazee nao wawe na wao.

Aliyewainua wazee kitandani

Lakini aliyegeuza neno hilo kuwa kazi ni mwanamke, daktari Marjory Warren. Mwaka 1935, hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 wa nyumba ya kazi iliyokuwa jirani, naye akapewa jukumu la kuwatazama. Aliwakuta vijana na wazee wamechanganywa pamoja, wengine wamelala kwa miaka, na kila mmoja akiitwa kwa jina moja tu: mgonjwa asiyepona.

Warren hakuleta dawa mpya. Alimpima kila mmoja, akaandika ugonjwa wake, akawatenga kadiri ya mahitaji yao. Kisha akaanza kuwainua. Aliagiza kuta zipakwe rangi ya kupendeza, mwanga uongezwe, viti vinavyofaa vipatikane. Aliwaita wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wafanye kazi pamoja. Wengi walioonekana kuwa wamekwisha walisimama, wakatembea, na baadhi yao wakarudi kwao. Baada ya muda, vitanda vilivyohitajiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo vilipungua kutoka zaidi ya 700 hadi karibu 240. Tangu mwaka 1943 alianza kuyaandika hayo katika magazeti ya madaktari, na Uingereza ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuifanya tiba ya wazee kuwa utaalamu unaotambuliwa. Basi tujiulize: wale mamia walikuwa wamelazwa na nini? Si na miaka yao peke yake.

Kazi ya uzee na kazi ya kitanda

Hatusemi ya kwamba uzee hauna nguvu juu ya mwili. Misuli hupungua. Mifupa hupoteza uimara wake, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, hata anguko dogo huweza kuvunja nyonga. Figo huchuja polepole, kwa hiyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Hata kiu hupungua: mzee anaweza kuishiwa na maji mwilini bila kuhisi haja ya kunywa. Hayo ndiyo ya uzee, nayo yanadai uangalifu wetu.

Lakini ukungu wa macho mara nyingi ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena. Naye mzee aliyechanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, pengine ana homa ya mapafu, malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, au amekaukiwa na maji, hata kama mwili wake hauna joto. Huyo anahitaji kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Tena kuna kazi ya kitanda. Mwaka 1947, daktari Richard Asher wa London aliorodhesha madhara ya kulala muda mrefu: misuli hunyauka, viungo hukakamaa, damu huganda katika miguu, mapafu hujaa, ngozi hutoboka vidonda, na moyo hukata tamaa. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya, wa wastani wa miaka 67, waliokubali kulala siku 10 tu: walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kinyume chake, mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwapa mazoezi ya kuimarisha miguu wazee 10 wa nyumba ya malezi, wenye miaka kati ya 86 na 96. Mmoja hakumaliza; kwa wengine, baada ya majuma 8, nguvu za miguu ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mwili wa miaka 90 bado unaitikia unapoitwa.

Hofu isiyo ya haki

Kuna hali nyingine inayodai tuizungumzie waziwazi. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, mzee anayezurura usiku, anayesema peke yake au kuwasahau watoto wake, hasa akiwa mwanamke mjane, hutiliwa shaka ya uchawi. Wengine wamefukuzwa, wengine wameuawa. Mwaka 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake mjini Tübingen habari za mwanamke aliyeanza kupoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Baada ya kifo chake, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona ulivyoharibika. Ni ugonjwa wa ubongo. Hauwezi kuponywa mpaka sasa, lakini anayeugua hana hatia yoyote, na anayemnyoshea kidole anamtesa mgonjwa.

Heshima inayonyang'anya miguu

Sasa turudi nyumbani kwetu. Sisi Wakongo hatukuwa na nyumba za kazi za Kiingereza, na tunajivuna ya kwamba wazee wetu hukaa pamoja nasi. Ni vema. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini tujichunguze. Kwetu heshima huonyeshwa kwa kumketisha mzee: “Baki hapo hapo, baba, tutakuletea.” Tunamletea maji, tunamletea sahani, tunamwosha angali anaweza kujiosha. Tunamzuia asichambue sombe, asifagie mbele ya mlango wake, asiende kumsalimu jirani. Tunafanya hivyo kwa upendo, tena kwa kuogopa wenye kusema ya kwamba tunamtumikisha mzee. Baada ya miezi, miguu aliyoipumzisha haimbebi tena, nasi tunasema: ni uzee tu. Kwa njia ya heshima tumefika palepale walipofika wale wa nyumba ya kazi kwa njia ya dharau.

Kwa hiyo heshima iliyo kamili ni kumwuliza mzee anaweza nini bado, na kumwachia hilo hata kama analifanya polepole. Ni kumtolea mkono atembee mpaka kwa jirani kila siku. Ni kumpa kikombe cha maji kabla hajaomba, kuondoa mawe na ndoo njiani mwake, kumwekea taa usiku. Na kwa yule asiyeweza kuinuka tena, kwa maana wapo, heshima ni kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kumwosha kwa kumfunika, na kuzungumza naye kama mtu, si kuzungumza juu yake.

Jambo la mwisho, vijana. Katika nyumba nyingi kazi hiyo yote humwangukia mwanamke mmoja: binti aliyebaki nyumbani au mke wa mwana. Marjory Warren alifaulu kwa sababu hakufanya kazi peke yake. Kikundi cha vijana kinachomtembelea mzee kwa wimbo na sabuni kinafanya vema; kinachorudi kila juma kumtembeza mzee, na kumpa yule mwanamke alasiri moja ya kupumzika, kinafanya vema zaidi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana awe mvumilivu kwa baba yake hata akili za mzee zikipungua. Uvumilivu huo una mikono, na mikono hiyo ni yenu.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Katika mtaa wetu, ni mzee gani ambaye hatujamwona akitembea tangu miezi mingi, na nani amewahi kuuliza sababu? Ni kazi ipi tuliyomnyang'anya mzee wa nyumbani kwetu ambayo angeweza kuifanya bado? Nani anamtunza, na nani anampumzisha anayemtunza?